Chupa Nne Zilizopoteza Miaka Yao

Nitasema wazi tangu mwanzo: nilitaka shemeji yangu aondoke nyumbani kwangu. Si kwamba simpendi. Masika ni mdogo wa mke wangu, mchapakazi, hana maneno mengi. Lakini fleti yetu ya Hillbrow, hapa Afrika Kusini, ni chumba kimoja na jiko, na humo tulilala mimi, Marcelline, wanetu wawili, halafu Masika na binti yake Mamie nyuma ya pazia. Mmoja akikohoa, wote macho. Mimi ni mlinzi. Nikitoka lindo asubuhi ndipo wenzangu wanaamka, basi nalala huku watu wananiruka kama mtaro. Mwaka mzima tuliishi hivyo.

Kwa hiyo Mzee Ignace aliponiambia anatafuta mtu wa kumpikia na kumtunzia nyumba, mtu wa kuishi hapohapo, sikumwacha amalize.

“Ninaye,” nikamwambia.

“Sijasema ninataka mtu wa namna gani.”

“Namna yoyote, Mzee, ninaye.”

Nalinda geti la mtaa anakoishi, huko Randburg. Yeye ni mtu wa Lubumbashi, alikuwa mhandisi wa migodi, mke wake amefariki na watoto wote wako Kanada. Siku ya kwanza tu aliponisikia naongea kwenye simu alisimamisha gari na kuniuliza natoka wapi. Nikamwambia Uvira. Tangu siku ile, siku zangu za mapumziko namkatia majani, ananipa chai, tunabishana habari za nyumbani. Ni mtu mzuri, lakini ana makali. Kabla ya Masika aliwafukuza wanawake wawili. Mmoja alimtilia mgeni barafu kwenye glasi ya mvinyo mwekundu. Mwingine aliweka chupa kwenye friza ikapasuka.

Sharti lake lilikuwa hili: Masika afanye kazi mwezi mmoja, akija asubuhi na teksi na kurudi jioni. Jumapili ya mwisho wa mwezi kungekuwa na wageni. Akiwapokea vizuri, chumba cha nyuma ni chake, yeye na mtoto. Akiharibu, basi.

Chumba chenyewe nilikuwa nakijua kwa sababu niliweka mashine ya majani humo. Kina kitanda, dirisha na bafu lake. Masika alikichungulia siku ya kwanza, akakaa kimya njia nzima mpaka Hillbrow.

Ilikuwa Mei, 2017. Jumamosi ile nilikuwa nafagia majani makavu, Mzee akatuita sote wawili sebuleni. Alikuwa ametoa chupa nne kwenye kabati lililo chini ya ngazi na kuzisimamisha mezani. Sijawahi kuona vitu vichafu namna ile mezani kwa mtu mwenye akili zake. Vumbi limegandana na ukungu, utando wa buibui shingoni, karatasi zimekuwa rangi ya meno ya mvutaji.

“Hizi,” akasema, akashusha sauti kama yuko kanisani, “zinatoka shamba moja tu, Ufaransa. Zabibu zilezile, kilima kilekile. Kinachotofautiana ni mwaka. Themanini na mbili. Themanini na tano. Themanini na saba. Tisini. Nilikuja nazo kutoka Lubumbashi nimezifunga katika masweta. Kesho tutazionja pamoja, tuone kila mwaka umezeeka namna gani.”

“Zote ni mvinyo uleule?” nikauliza.

“Uleule na si uleule. Ndugu wanne wa tumbo moja, André, wanafanana?”

Akatuonyesha. Wa themanini na mbili ndio malkia, mwaka wa jua. Wa tisini ni mnene, una nguvu. Wa themanini na tano ni mpole. Wa themanini na saba akausukuma kwa kidole. “Huu ni mwaka wa mvua. Maji matupu. Nimeuweka ili wengine waonekane.” Halafu akasema kwamba yeye hahitaji kusoma lebo. Akifumba macho, ulimi wake unamwambia mwaka.

Kisha akamgeukia Masika. “Sikiliza vizuri, mama. Chini kuna mashapo, usizitikise hata kidogo. Kesho saa nne, nikiwa misa, uzifungue zote, uziache zipate hewa. Vizibo utupe, vinanuka ukungu. Saa nane nitafika na wageni.”

“Ndiyo, papa.”

Jumapili nilifika pale kama saa tano, nimevaa shati safi, maana Mzee alisema nami nitaonja. Nikapitia mlango wa jikoni. Masika alikuwa anakata kitunguu, anaimba kwa sauti ndogo. Na pale mezani chupa nne zinameta kama zimetoka kiwandani jana.

Nilisimama.

“Masika. Umefanya nini?”

“Nimeziosha,” akasema, amefurahi. “Shemeji, ulikuwa umeona uchafu ule? Mgeni atoke kwake, avae vizuri, umwekee mezani chupa yenye buibui? Kwetu Butembo mgeni anaondoka hapohapo, na ana haki.”

“Na zile karatasi?”

Hapo ndipo aliacha kuimba. Akanionyesha beseni. Alikumbuka kwamba chupa hazitakiwi kutikiswa, kwa hiyo hakuzisugua. Alizisimamisha kwenye beseni la maji baridi na sabuni, moja moja, taratibu kama watoto wachanga, akaziacha ziloweke. Gundi ya zamani ikaachia. Lebo zilikuwa zinaelea juu ya povu. Mbili nzima, mbili zimekuwa uji.

“Nilidhani zilikuwa karatasi tu za dukani,” akasema. “Bia ikikaa kwenye maji ya barafu karatasi inatoka, nani analia?”

“Na ipi ni ya mwaka gani?”

Akazitazama. Nami nikazitazama. Kioo kilekile, urefu uleule, ile foili nyekundu ya shingoni ileile. Mzee mwenyewe alisema ni ndugu wa tumbo moja, lakini hawa walikuwa mapacha.

Akakaa kwenye kiti na kisu mkononi. Alikuwa ameshaelewa, sikuwa na haja ya kumwambia kitu. Lakini mimi mdomo wangu hauna breki, nikamwambia. Nikamwambia kuhusu yule wa barafu na yule wa friza, kana kwamba hakuwajua.

“Basi, shemeji,” akasema. “Inatosha.”

Nikaanza kufikiri. “Hizi mbili nzima tuzibandike. Nyingine tuseme zilitoka zenyewe.”

“Tuzibandike kwenye zipi?”

“Zozote. Sikiliza. Mzee anasema anajua mwaka kwa ulimi. Kama ni kweli, hahitaji karatasi. Kama ni uongo, hatajua kwamba tumechanganya. Kwa vyovyote tumepona.”

Mpaka leo sioni kosa katika hesabu ile. Lakini Masika alitikisa kichwa.

“Mimi nataka kulala katika kile chumba bila kuogopa. Nikimdanganya, kila akiniita nitadhani amejua.”

“Usipomdanganya hutalala kabisa!”

“Nitamwambia.”

Hapo ndipo niliona jambo la pili. Chupa zote zilikuwa bado zimefungwa. Saa tano imepita.

“Na kufungua? Alisema saa nne!”

“Hilo sikusahau,” akasema, na sasa sauti yake ikawa ngumu. “Hilo nilikataa. Chupa ya mgeni haifunguliwi mgeni hayupo. Unajua vizuri kwa nini.”

Nilijua. Kwetu Kivu hata soda ya mtoto inafunguliwa mbele ya macho yake. Huko watu wanaogopa karuho, ile sumu ya polepole. Mtu anakunywa kwa jirani leo, anaanza kukonda mwezi ujao. Ukimletea mtu chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kama ni ndugu yako, atakushukuru na hataigusa. Na lolote likimpata, jina la kwanza kutajwa ni la aliyefungua.

“Hawa ni watu wa Randburg,” nikasema. “Wameenda shule.”

“Tumbo halijaenda shule. Mgeni akiumwa kesho, watamuuliza nani? Mzee mwenyewe? Watamuuliza Masika.”

Nikachukua kipande cha mkate nikala kwa hasira.

Saa nane kasoro tukasikia gari. Mzee aliingia na wageni wake wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Brigitte, mfamasia, naye wa Lubumbashi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Alisoma Ubelgiji na mvinyo anaujua. Wa pili alikuwa Ezekieli, Mtanzania wa Morogoro, mwembamba, mpole. Alioa binti wa wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa wakiishi huko, akaja naye hapa wakimbizi hao waliporudi kwao.

“Karibuni, karibuni,” Mzee akasema, anasugua mikono. “Leo mtaona. Ezekieli, leo utasahau ule mvinyo wenu wa Dodoma.”

“Mvinyo wa Dodoma haukumkosea mtu, ndugu yangu,” Ezekieli akajibu.

“Haukumkosea, ulimuua!” Brigitte akasema. “Nilikunywa glasi moja nikaongea Kiswahili cha redio kama wewe wiki nzima.”

Walikuwa bado wanacheka walipofika mezani. Mzee akaziona chupa, na kicheko kikakatika kwake peke yake.

Masika alitoka jikoni, akasimama mbele yake, mikono imeshikana mbele ya aproni. Hakungoja kuulizwa.

“Papa, nimeziosha. Niliona aibu wageni wapewe chupa chafu. Karatasi zimetoka. Sijui ipi ni ipi. Na sikuzifungua saa nne kama ulivyosema, kwa sababu kwetu chupa inafunguliwa mbele ya mgeni. André aliniambia nikufiche, nimekataa.”

Hiyo sehemu ya mwisho angeweza kuiacha.

Mzee alishika chupa moja, akaigeuza polepole kwenye mwanga, akairudisha. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani ni nani mwingine Hillbrow ana nafasi ya kuweka mtu na mtoto, na sikupata jina hata moja.

“Miaka ishirini,” akasema mwishoni. “Miaka ishirini nimelinda vumbi lile.”

“Injinia ametunza vumbi!” Brigitte akasema, akakaa. “Wengine wanatunza wajukuu.”

“Brigitte, si mchezo. Nitaonjaje miaka ambayo siijui? Nitalinganisha nini na nini?”

Masika alikuwa anatazama sakafu. Mzee akamgeukia, akavuta pumzi, na nilijua maneno yanayokuja. Halafu akasita.

“Umesema hukuzifungua.”

“Hapana, papa.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

“Kwa hiyo vizibo viko ndani.”

“Viko ndani, papa. Viko wapi tena?”

Mzee akavuta kiti akakaa kwa nguvu. Akaanza kupangusa uso kwa leso. “Vizibo,” akasema. “Mungu wangu. Vizibo! Shamba lile linachoma mwaka kwenye kizibo. Uko pale ubavuni, kwa moto. Na jana mimi mwenyewe nilimwambia avitupe.”

Masika aliegemea ukuta. Sikumlaumu, nami nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti.

“Na hilo la kuzifungua mapema, nyamaza tu,” Brigitte akasema. “Mvinyo wa miaka thelathini unataka ufunguliwe saa nne asubuhi tuunywe saa nane? Ungetunywesha siki. Huyu mama amekuokoa mara mbili, na wewe umekunja uso.”

“Kuna mabwana wa Ufaransa, kule Bordeaux, wanaofungua asubuhi—”

“Kuna mabwana wajinga kila mahali. Mama, jina lako nani? Masika? Masika, lete vikombe vinne vya kahawa.”

Mpango wake ulikuwa huu. Masika afungue mbele yetu sote. Kila kizibo kikitoka, akifunike kwa kikombe mbele ya chupa yake bila mtu kusoma. Tuonje, Mzee aseme miaka, ndipo vikombe viinuliwe.

“Si ulisema ulimi wako unajua kusoma?” Brigitte akamwambia. “Leo tuusomeshe.”

Mzee angekataa, lakini alikuwa amekwisha kujisifu mbele ya watu wengi mno. Nami nikaona kwamba hatari haijapita, imehama tu. Mzee mwenye makali, aaibishwe mezani kwake na mwanamke mwenye kicheko kile, hasira ataimwagia nani? Si Brigitte.

Masika akafungua. Vizibo vile vilikuwa vimelainika kama mkate uliolowa. Vitatu vilitoka vizima. Cha nne kilivunjika nusu njia, akakitoa vipande vipande kwa ncha ya kisu, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Alimimina taratibu, akaacha mashapo chini. Kila mmoja akawa na glasi nne. Hata mimi.

Nitasema nilichokiona, sina maneno ya wataalamu. Rangi haikuwa nyekundu ya damu. Pembeni ya glasi ilikuwa imeelekea rangi ya tofali. Wa kwanza ulikuwa mzito, ulijaza mdomo na kukaa. Wa pili ulinuka kabati la nguo na tumbaku, halafu baadaye ukawa mtamu bila sukari. Wa tatu ulikuwa mwepesi, nikadhani hauna kitu, nikashangaa umemezwa na bado uko, kama uyoga uliochumwa sasa hivi. Wa nne ulikuwa na adabu, sijui niseme nini zaidi. Mvinyo ule ulikuwa uleule kweli na haukuwa uleule. Nilianza kuelewa kwa nini mtu angeufunga kwenye masweta.

Ezekieli alifumba macho. “Huu wa tatu,” akasema, “ningekaa nao jioni nzima bila kuongea.”

“Wewe hata bila mvinyo unakaa jioni nzima bila kuongea,” Brigitte akasema. Lakini naye alirudia ule wa tatu.

Mzee alichukua muda. Alinusa, alizungusha, alirudi nyuma, akaenda mbele. Masika alisimama mlangoni mwa jikoni na sinia tupu kifuani.

“Wa kwanza ni tisini,” Mzee akasema. “Nguvu hizo siwezi kuzikosea. Wa pili ni themanini na tano. Wa nne ni themanini na saba, huyu maskini, nampata kwa unyonge wake.” Akainua glasi ya tatu, na sauti yake ikabadilika. “Na huyu hapa ni malkia. Themanini na mbili. Angalieni anavyoondoka mdomoni, anaaga kila mtu. Sijawahi kunywa kitu kizuri kuliko hiki.”

Brigitte akainua kikombe cha kwanza. Tisini. Mzee akapiga meza. “Si niliwaambia!”

Akainua cha pili. Themanini na mbili.

Mzee akakichukua kizibo, akakisogeza machoni, akakirudisha.

Brigitte aliinua cha tatu polepole, akasoma, akauma mdomo wa chini. Akampa Ezekieli. Ezekieli akasoma, akakohoa.

“Soma, ndugu yangu,” Mzee akasema.

“Themanini na saba.”

“Ule wa mvua?” nikauliza. Nimesema mdomo wangu hauna breki.

Cha nne hakuna aliyehangaika na vipande vyake. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja tu.

Nilimtazama Masika. Alikuwa amelishika sinia kama ngao. Mzee alikuwa ameinamia glasi ya tatu, mabega yanatikisika, na kwa muda nilidhani analia. Halafu sauti ikamtoka. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, akataka kusema akashindwa, akampiga Ezekieli begani kana kwamba yeye ndiye aliyefanya.

“Maji matupu!” akasema. “Miaka yote hii nimeusema vibaya mbele ya watu! Nilitaka kuupikia nyama! Ungekuwa na lebo, leo ningekunywa nimekunja pua.”

“Umepata mmoja kati ya wanne,” Brigitte akasema. “Hata André angepata mmoja.”

“Ningepata wawili,” nikasema.

“Nyamaza wewe, mshauri wa uongo,” Mzee akasema, na akazidi kucheka.

Kisha akamwita Masika. Akavuta kiti, akamkalisha mezani pamoja nasi, akammiminia mwenyewe ule wa themanini na saba. Masika akaonja kwa ncha ya mdomo.

“Unaonaje?”

“Mchungu, papa.” Akafikiri. “Lakini unarudi.”

“Unarudi! Brigitte, umesikia? Unarudi.” Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo mmoja na kuuweka karibu na sahani yake. “Jumamosi leteni vitu vyenu, wewe na mtoto. André atatoa ile mashine yake ya majani. Ila sheria moja: kitu chochote chenye mwaka juu yake, uniulize kabla hujakiosha.”

“Hata gari, papa?”

“Gari osha. Gari halitazeeka vizuri.”

Masika hakucheka. Aliufunika ufunguo kwa kiganja, akainamisha kichwa, akasema asante kwa Kinande, lugha ambayo pale mezani hakuna aliyeijua isipokuwa mimi kidogo, kwa sababu ya mke wangu. Halafu akaomba aende akakione chumba.

Tulikula, tukanywa. Ezekieli akamaliza ule wa themanini na tano, ambao Mzee aliuita mnyonge, na Brigitte akamtaka Mzee auombe msamaha nao. Mkate ukaisha, Brigitte akaita jikoni, hakuna jibu. Nikaenda nyuma kumtafuta Masika.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amelala kwenye godoro tupu, ubavu mmoja, aproni bado kiunoni, ufunguo mkononi. Jua la saa kumi lilikuwa limejaa chumba kizima, na viatu vyake viwili vimepangwa vizuri kando ya mashine yangu ya majani. Anakoroma! Mwaka mzima kwangu sikuwahi kumsikia akikoroma. Nadhani alikuwa anajizuia.

Nikaufunga mlango polepole, nikarudi jikoni, nikakunja mikono ya shati, nikaosha glasi zote mwenyewe.